Usaha unarudi, sahani ni tupu

SWALI: Nipo maabara ya hospitali ya wilaya. Tuna mgonjwa wa usaha wa mfupa wa paja. Tundu linafunga, linafunguka tena. Ameshachomwa jentamisini na kumeza Septrini kwa wiki nyingi. Kwenye rangi ya Gramu naona koki (bakteria wa mviringo) chache za zambarau, lakini nikiotesha, baada ya saa 24 hakuna kitu. Nakosea wapi?

JIBU: Sahani ya kuoteshea unaitupa mapema. Huenda huyo ni Stafilokokasi aureasi, bakteria wa kawaida wa usaha, aliyedumaa. Koloni lake (kundi linaloota kwenye sahani) ni kama sehemu ya kumi ya lile la kawaida, halina rangi ya dhahabu, na huonekana baada ya saa 48 hadi 72. Acha sahani ya agari ya damu (chakula cha bakteria chenye damu) kwenye inkubeta siku tatu kamili, nyuzi 35, kisha itazame kwa lenzi ukiiinamisha kwenye mwanga. Koagulesi ya mrija, kipimo cha kugandisha plazma kinachomtambulisha aureasi, isome baada ya saa 4, halafu tena baada ya saa 24, maana huganda kwa kuchelewa. Wengi huishia saa 4 wakaandika "bakteria wa ngozi".

Kudumaa ndiko kunakomwokoa bakteria huyu. Jentamisini huvutwa ndani na chaji ya umeme ya utando wa bakteria. Huyu mfumo wake wa nishati umeharibika, mara nyingi kwa kushindwa kutengeneza hemini au menadioni, viungo vya mfumo huo. Chaji imeshuka, dawa inabaki nje. Sumu nayo hutoa kidogo, kwa hiyo anakaa ndani ya seli ya mgonjwa bila kuipasua. Septrini ina mambo yake: inazuia kutengenezwa kwa thimidini (kijenzi cha DNA), na wapo waliodumaa wanaookota thimidini iliyo tayari kwenye usaha, ambao umejaa seli zilizokufa. Dawa ikiendelea, hao ndio wanaobaki.

Vipenyo vya duara tupu linalozunguka diski za dawa kwenye sahani usivisome kama kawaida. Anayekua polepole huacha duara pana, sugu akasomeka kama anayesikia dawa. Liandike hilo kwenye ripoti, na koloni lipelekwe maabara ya rufaa kupimwa jini la mecA, linaloleta usugu kwa methisilini na dawa za jamii yake.

Pamba ya tunduni haitoshi. Omba kipande cha mfupa wakati daktari anaondoa mfupa uliokufa, dawa zikiwa zimesimamishwa wiki mbili kabla ikiwezekana. Akifikiria rifampisini, kwa kuwa huingia ndani ya seli, isitolewe peke yake, usugu huja upesi. Na kwa kuwa rifampisini ni dawa ya TB pia, TB ya mfupa iwe imeshapimwa kwanza.