Fonti za bitmapu za Kichina na Kijapani: ushauri kwa mafundi wa bodi ndogo

Tangu boda za umeme zianze kuzagaa hapa Kampala, na Wachina wafungue viwanda kule Mbale na Kapeeka ya Nakaseke, kazi za kuweka maandishi ya Kichina kwenye viskrini vidogo zimeongezeka sana, na vijana wananiandikia WhatsApp "kaka nipe fonti nzuri ya Kichina". Mimi huwa nawajibu kwa swali, skrini yako itaandika nini hasa? Mtu hupenda kuanza na fonti halafu akishashusha mafaili kibao ndo anakuja kugundua haitoshi kwenye chipu, au inatosha lakini mteja anaikataa.

Kuna kazi ambayo maneno yote unayajua tangu mwanzo, yaani menyu, "betri imejaa", "joto limezidi", basi. Na kuna kazi ambayo maandishi yanatoka nje, jina la mteja, jina la faili, meseji. Hii ya kwanza ni rahisi mno. Fonti ya bitmapu huhifadhi kila herufi kama picha ya vinukta, kinukta kimoja biti moja, kwa hiyo herufi ya pikseli 16 kwa 16 ni biti 256, yaani baiti 32. Ukiwa na herufi 200 hiyo ni baiti 6,400, ongeza jedwali la kutafutia la baiti mbili kwa kila herufi, ulipange kwa mfuatano ili utafute kwa kugawa nusu nusu, jumla baiti 6,800, hata chipu ndogo ya STM32F103C8 yenye flashi (memori ya kudumu) ya KB 64 inabeba bila kulalamika. Andika skripti fupi ya Python isome maneno yote ya menyu, itoe herufi zisizojirudia, ichukue hizo tu kutoka kwenye fonti. Na skripti iendeshwe kila unapobildi, usichague kwa mkono, kwa sababu siku utakayobadilisha neno moja la menyu utaona kiboksi kitupu mahali pa herufi na mteja ndo atakuwa wa kwanza kukiona.

Kazi ya pili inataka seti nzima. GB 2312, orodha rasmi ya herufi ya China ya mwaka 1980, ina herufi za Kichina 6,763, kwa baiti 32 kila moja ni baiti 216,416. JIS X 0208, orodha ya Wajapani, ina kanji (herufi zao zilizotoka China) 6,355, karibu kiasi hichohicho. Kwa chipu ya ESP32 yenye flashi ya MB 4 hilo si tatizo, kwa bodi ya Arduino Uno R3 yenye KB 32 sahau kabisa, labda uweke chipu ya flashi ya nje inayounganishwa kwa nyaya za SPI au ununue chipu ya fonti iliyojazwa tayari kiwandani. Hata Wajapani wenyewe walianza hivyo, kompyuta kama NEC PC-9801 ilitumia ROM ya kanji, yaani chipu iliyojazwa herufi tayari, mpaka 1990 IBM ilipotoa mfumo wa DOS/V uliochora kanji kwa programu tu kwenye kadi ya picha ya kawaida ya VGA.

Sasa saizi, hapa ndo watu wanabishana na mimi. Msimamo wangu ni pikseli 16, na ukibanwa sana 12, chini ya hapo usiniite. Chukua neno 电量, kiwango cha chaji, ambalo kila skrini ya betri inalo. Hesabu mistari ya kulala kwenye hiyo herufi ya pili, 量, iko tisa. Mistari tisa na nafasi nane katikati ni pikseli 17, kwa hiyo hata kwenye 16 mchoraji wa fonti lazima aunganishe au aondoe mstari mahali fulani, na aliyebobea anajua pa kuondoa ili msomaji asishtuke. Ndo maana usichukue fonti kubwa ya TrueType, ile ya kompyuta inayokuzwa na kupunguzwa, ukaipunguza kwa programu mpaka 16, inatoka uji. Tafuta iliyochorwa kwa mkono kwa saizi hiyohiyo. Zipo ndogo zaidi kama Misaki ya Kijapani ya 8 kwa 8, na kwa kweli nawavulia kofia walioichora, lakini hiyo ni ya gemu, usimpe opereta wa mashine anayeangalia skrini kwenye vumbi.

Halafu 12 haikupunguzii memori kama unavyodhani. Ukihifadhi kila mstari kwa baiti mbili, herufi inakula baiti 24, si 18. Ukitaka 18 lazima uzibane biti zikae pamoja, na hapo programu ya kuchora inakuwa na maudhi kidogo.

Kingine ambacho wengi hawakijui, Unikodi, mfumo unaoipa kila herufi ya dunia namba yake, imeunganisha herufi za China na Japani, namba ni moja lakini umbo linatofautiana. Angalia 直 au 骨, kwenye fonti ya Beijing na ya Tokyo hazifanani. Kijiboksi cha ndani kule juu ya 骨, Wachina wamekiweka kushoto, Wajapani kulia. Mjapani ataisoma ya Kichina, ila ataona mara moja kwamba aliyetengeneza hakujali. Kwa hiyo ukiwa na wateja wa mashine za mitumba za Kijapani na wengine wa viwanda vya Wachina, weka fonti mbili.

Majina sasa. GNU Unifont ndo ya kuanzia, ina 8 kwa 16 na 16 kwa 16, faili lake la hex ni maandishi ya kawaida, kila mstari una namba ya herufi, nukta mbili, halafu picha, na ina toleo la Kijapani pembeni. GRUB, programu ya kuwashia Linux, inaitumia. Kwa Kichina cha 12 WenQuanYi inasomeka vizuri, na ukitumia U8g2, laibrari ya kuchora kwenye viskrini vidogo, utaikuta humo tayari. Kwa Kijapani Shinonome ina 12, 14 na 16. Fusion Pixel ina 8, 10 na 12, na matoleo yake yametenganishwa kwa lugha.

Leseni soma kabla hujauza. Unifont za siku hizi zinatolewa pia kwa OFL, leseni huru ya fonti, unaruhusiwa kuifunga ndani ya bidhaa mradi usiuze fonti peke yake na notisi iende nayo. WenQuanYi ni GPL, leseni huru yenye masharti yake, Shinonome haina mwenyewe. Zile picha ndogo zilizomo ndani ya fonti za SimSun au MS Gothic za Windows, usizichomoe. Najua inafanyika, najua utauliza nani ataenda kukagua bodi huko Nakaseke, lakini mali ya watu ni mali ya watu.

Ukishachagua, geuza biti kwenye kompyuta na si kwenye bodi. Unifont inasoma kwa mistari kutoka kushoto, chipu ya skrini ya SSD1306 inataka safu za wima za pikseli nane nane, usipogeuza utaona takataka na utailaumu fonti bure. Kukata mistari hakuna shida, Kichina hakina nafasi kati ya maneno, kata popote ila alama za nukta 。na mkato ， zisianze mstari.

Na sisi wa huku tusijisahau. GB 2312 haina ŋ, herufi ya Luganda, JIS X 0208 nayo haina, kwa hiyo menyu ya Luganda yenye eŋŋaano itatoka na matundu. Unifont inayo, ichukue humo uiongeze. Printa nyingi za risiti za Kichina ndo zina vituko zaidi, zinakuja zikiwa kwenye hali ya Kichina, ukizitumia maandishi ya UTF-8 (Unikodi iliyoandikwa kwa baiti) zile baiti mbili za ŋ zinasomwa kama herufi moja ya Kichina, mama wa duka anabaki anaigeuza geuza risiti. Tuma kwanza baiti mbili 1C 2E (kwa heksadesimali), hiyo inazima Kichina, halafu ŋ ichore kama picha.