Kuendesha shindano la kadi lisilo rasmi dukani Mwanza: mpangie anayefungwa

Mkuu, nimelisoma swali lako. Mko vijana kumi na kitu huko Nyegezi na Malimbe, wengi mnacheza Magic, wachache Yu-Gi-Oh!, michezo ya kadi ambayo kila mtu anakuja na kadi zake, na mwenye duka la vifaa vya simu amekubali kuwapa nafasi. Unauliza kama inafaa kuendesha shindano bila kutambuliwa na kampuni yenye mchezo, na pa kuanzia ni wapi. Inafaa. Mimi naendesha la kwetu upande wa Kirumba, kwenye duka ambalo kazi yake halisi ni steshenari na gemu za PS, na hatujawahi kuwa na karatasi yoyote kutoka Marekani wala Japani.

Duka likiwa kwenye mtandao wa maduka wa Wizards of the Coast, kampuni yenye Magic, matokeo yanaingia kwenye mfumo wao, kuna zawadi za matangazo wanazoleta, na mnacheza kwa masharti yao, likiwemo la kadi kuwa halisi. Nyie mtazikosa zawadi, ila masharti mtajiwekea wenyewe. Ushauri wangu ni mmoja: yawekeni kwa ajili ya yule anayefungwa. Bingwa atarudi hata ukimchezesha juani. Aliyefungwa raundi tatu mfululizo ndiye wa kumwangalia usoni, maana mji wetu hauna foleni ya wachezaji wanaosubiri nje. Wanne wakichoka, shindano limekufa.

Kwa hiyo mtoano usahau. Najua ndio tuliouzoea kwenye bonanza za mpira na za PS, lakini hebu fikiria kijana katoka Buhongwa au Igoma, kalipa nauli, kafungwa mechi ya kwanza, dakika ishirini tu, basi. Arudi tena kufanya nini? Tumia mfumo wa Uswisi, ule wa chesi uliotumika mara ya kwanza Zürich mwaka 1895. Hakuna anayetolewa. Raundi ya kwanza mnapangwa kwa bahati, kuanzia ya pili mwenye pointi nyingi anakutana na mwenye pointi nyingi, aliyefungwa anakutana na aliyefungwa, na waliokwisha kukutana hawarudiani. Ushindi pointi 3, droo 1, kufungwa 0. Mkiwa 8, raundi 3 zinatosha. Kuanzia 9 hadi 16 chezeni 4, na mkifika 17 hadi 32 chezeni 5. Idadi ikiwa witiri, mmoja wa chini anapumzika raundi hiyo na kuhesabiwa ameshinda, ila asipumzike mara mbili.

Uzuri wake utauona raundi ya tatu. Yule mgeni aliyefungwa mara mbili sasa anakaa na mgeni mwenzake, na mmoja wao lazima aonje ushindi, labda watoke droo.

Programu za simu za kupanga raundi zipo, lakini mimi natumia kaunta buku. Safu nne: jina, pointi, aliokutana nao, na pointi za hao aliokutana nao. Wawili wakilingana mwisho, jumlisha pointi za wapinzani wa kila mmoja. Aliyepita njia ngumu anakaa juu. Mifumo rasmi inapiga hesabu ya asilimia, ila kwa watu kumi na wawili kujumlisha kunatosha, na faida yake kila mtu anachungulia daftari anajihesabia. Malalamiko mengi ya "umempendelea mshkaji wako" yanaishia hapo.

Kuhusu kadi zenyewe. Hili ndilo litakalowagawa, kwa sababu kadi halisi Mwanza zinaingia kwa mjomba aliyesafiri au kwa kuagiza, na mwenye mjomba anaanza mechi akiwa mbele. Ruhusuni kopi, yaani kadi za kujichapia. Kadi ya Magic ni milimita 63 kwa 88, ya Pokémon vilevile, ya Yu-Gi-Oh! ni ndogo kidogo, 59 kwa 86. Karatasi moja ya A4 inabeba kadi tisa za Magic, tatu kwa tatu. Mwambie wa steshenari achape kwa asilimia 100 kamili, maana mashine nyingi hubana ukurasa zenyewe, halafu kadi zako zinatoka ndogo, zinacheza ndani ya kifuko cha plastiki cha kuvalisha kadi. Kata kwa rula na wembe, mkasi unapinda. Kisha nyuma ya karatasi weka karata ya kawaida ya dukani, ile pana, si ile nyembamba. Upana wake na urefu wake vinakaribia sana kadi ya Magic, na ugumu wake mkononi unafanana. Pakiti moja ina 52 na jokeri zake, deki, yaani fungu la kadi la mchezaji mmoja, inataka 60, kwa hiyo nunua mbili na wenzako mgawane zinazobaki. Zote zivalishwe vifuko vya plastiki vyenye mgongo wa rangi, visivyopitisha mwanga. Ukitumia vya kuonyesha, mtu ataijua kopi kabla hajaivuta.

Masharti yetu ya kopi ni mawili: jina na maelezo yasomeke, na kopi haiuzwi wala haibadilishwi na kadi halisi. La pili msilichezee. Siku mtu atakapouziwa karatasi kwa bei ya kadi, duka zima litaonekana la matapeli.

Siku: Jumapili kuanzia saa nane mchana. Jumamosi huku kwetu Wasabato ni wengi, utawakosa vijana wazuri tu. Jumapili asubuhi watu wako kanisani. Na angalia ratiba ya ligi. Simba na Yanga wakiwa uwanjani utakaa na mwenye duka mkitazamana, na siku Pamba Jiji wanacheza CCM Kirumba, barabara ya kwetu haipitiki. Raundi za Magic ni dakika 50, muda ukiisha mnaongeza zamu tano. Raundi nne na mapumziko mafupi zinakula saa nne, yaani saa kumi na mbili mmemaliza, kabla giza halijaingia na kabla daladala za mbali hazijapungua. Weka kengele ya simu, na ikilia usiongeze hata dakika kwa ajili ya rafiki yako.

Msicheze barazani. Mchana upepo unatoka ziwani, na huo hauna adabu. Utamwona mtu anakimbiza kadi hadi mtaroni. Chezeni ndani, meza zitandikwe kitambaa kizito, na chipsi ziliwe nje. Mafuta ya chipsi kwenye kifuko yanaiweka kadi alama kuliko kalamu, na kadi yenye alama ni ugomvi. Pia kabla ya kila mechi mpe mpinzani azikate kadi zako baada ya kuzichanga, hata kama ni mdogo wako. Nimewaona watu wanaoheshimiana kabisa wakirushiana maneno kwa sababu tu ya kutokata.

Sasa suala la pesa, na hapa nitakaa kidogo. Jumapili moja aliingia mama mmoja, kitenge begani, akaenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya mwanawe wa kidato cha pili. Nikamwamkia, akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye kadi. "Mnachezea shilingi ngapi hapa?" Nikamwambia kiingilio ni buku mbili, kinanunua vifuko, maji na kadi za zawadi, hakuna anayeondoka na pesa. Akaokota kadi moja, akaigeuza mbele na nyuma, akamwambia mwanawe amsomee. Dogo akasoma Kiingereza chake, akafafanua kwa Kiswahili. "Kwa hiyo hili dude likifa linarudi?" "Linarudi mara moja tu, mama." Akavuta benchi akakaa mpaka raundi ikaisha, na alipoona mwanawe anapeana mkono na aliyemfunga akaaga akaenda zake sokoni.

Swali lake ndilo atakalouliza mwenyekiti wa mtaa, na askari akipita atauliza hilohilo. Watu wazima wengi wakiona karata mezani wanafikiria kamari. Nchi ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi inayoisimamia, kwa hiyo msijitafutie kesi kwa kukusanya viingilio na kumkabidhi mshindi pesa taslimu. Nendeni kwa mwenyekiti mapema, msalimieni, mpelekeeni kadi azione. Kwenye tangazo tumieni jina lenu wenyewe. Nembo ya kampuni na neno "rasmi" viacheni.

Zawadi sisi tunafanya hivi: kadi zote za zawadi zinatandazwa mezani, idadi isipungue ya wachezaji. Wa kwanza anachagua moja, wa pili moja, hivyo hivyo hadi wa mwisho, na zikibaki mnazunguka tena. Wa mwisho haondoki mikono mitupu. Tena mara nyingi mabingwa wanagombania kadi kali zisizopendeza macho, wanaacha zinazometameta, na yule dogo wa chini anaondoka na joka linalong'aa ambalo wiki nzima shuleni atakuwa anaonyesha watu. Wiki inayofuata anakuja na mwenzake.

Mwenye duka mwulize mapema anataka nini. Wa kwetu anataka watu wanunue soda kwake na wachape kopi kwake, basi. Wako anauza vifaa vya simu, kwa hiyo labda mwambie auze vifuko na aweke sehemu ya kuchaji ya kulipia. Akianza kudai sehemu ya viingilio, hameni.

Wale wa Yu-Gi-Oh! ni wangapi hasa? Kama hawafiki sita, msiwaandalie shindano lao. Wacheze mechi za kirafiki meza ya pembeni kwanza, wakizidi ndipo muwape daftari lao. Na lile kombe ulilosema mnachangia, acheni. Hela hiyo nunueni vifuko vya akiba, kama pakiti tatu hivi, muwe mnawaazima wanaokuja mara ya kwanza na kadi zimefungwa kwa rababendi.