Mume Amehamishiwa Kilifi, Mimi Nimebaki Meru

Binti yangu,

Pole kwa upweke. Najua nyumba ya mchungaji huwa na wageni wengi na faragha kidogo. Unasema kwamba mumeo, mchungaji wa Kimethodisti, amehamishiwa Kilifi, kwamba wewe mwalimu umebaki Meru kwa ajili ya masomo ya watoto, na kwamba umekuta katika simu yake jumbe za mjane mmoja wa kanisani. Unauliza kama ni haki umlazimishe achague kati yako na uchungaji.

Si haki, na sababu ulizozitoa hazinishawishi. Watoto wako wote wawili, kwa maneno yako mwenyewe, wako shule za bweni, kwa hiyo sioni ni masomo gani yanayokufunga Meru. Tena katika kurasa nne hukuandika popote kwamba umeomba uhamisho wa kikazi. Ulichokieleza kwa aya nzima ni nyumba ya kanisa la mjini, kiti chako cha mbele, na kina mama waliokuwa wakikimbilia kukupokea mkoba. Ninashuku kwamba hicho ndicho unachokililia, na mumeo anabeba lawama ya cheo kilichopotea.

Hukudanganywa, mwanangu. Mlichumbiana akiwa chuo cha theolojia, na hakuna Mmethodisti asiyejua kwamba mchungaji hajichagulii kituo. Konferensi, yaani mkutano mkuu wa kanisa, humpanga, naye hufungasha. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Shida hii ni kongwe kama Umethodisti wenyewe. John Wesley, mwanzilishi wake, alipomwoa Mary Vazeille, mjane mwenye watoto, mwaka 1751, alikwisha kuamua kwamba ndoa haitampunguzia hubiri hata moja wala siku moja ya safari. Mwanzoni bibi alifuatana naye barabarani. Baadaye alichoka, akaanza kufungua barua za mumewe akiwashuku wanawake aliowaandikia mambo ya roho, akawa anaondoka na kurudi hadi ndoa ikavunjika kabisa. Watu wengi humlaumu bibi peke yake. Mimi namlaumu na mzee, kwa kuwa alimwandikia mwanamke mwingine matatizo ya nyumba yake kisha akaona ni huduma.

Mumeo hajafika huko. Jumbe ulizoninukulia ni za mjane anayeuliza saa ya ibada ya kumbukumbu ya marehemu, anayeomba mwanawe aombewe kabla ya mtihani, na anayeshukuru. Kosa ninaloliona ni la saa: mchungaji mwenye busara hajibu jumbe za mjane saa tano za usiku, na hilo umwambie waziwazi, ukikiri kwanza kwamba ulipekua simu yake.

Ndoa nyingi za siku hizi zimekuwa kama duka la ubia, kila mmoja anahesabu alichoweka na kungojea gawio. Mke ana mshahara wake, mume ana wito wake, wanakutana mwisho wa mwezi kukaguana, halafu wanashangaa kwamba hawana la kuzungumza. Simkatazi mwanamke kazi, nami nimefanya kazi maisha yangu yote. Ninachokikataa ni kuifanya kazi ukuta wa kujifichia.

Kuhusu joto na mbu wa Pwani, kumbuka kwamba huko Ribe, katika Kilifi hiyohiyo, ndiko Umethodisti wa Kenya ulikoanzia mwaka 1862, na Rebecca, mke wa mmisionari Thomas Wakefield, alifia hapo mwaka 1873. Sikuambii ukafe. Wewe una chandarua, una zahanati, una basi la kukurudisha kwa mama yako wakati wowote.

Likizo ijayo nenda Kilifi ukae tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, wala usiende kama mkaguzi. Mwombe mumeo siku moja ya juma ambayo simu itazimwa na mlango hautafunguliwa kwa muumini, isipokuwa kuna msiba. Akikataa hilo, niandikie tena na nitakuwa upande wako. Yule mjane mkaribishe chai mkiwepo wote wawili. Fomu ya uhamisho ijaze kabla hujapanda basi, na mwambie mumeo kwamba umeijaza.

Shangazi