Dari ya jipsamu inashuka, nipake rangi?

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Kigamboni, sebuleni nimepiga jipsamu, sasa tangu masika ianze bodi zinashuka katikati alafu kuna madoa ya njano, na bafuni ndo balaa, vidoti vyeusi dari nzima. Fundi wangu anasema tupake rangi tu itaisha, ni kweli? – Mama Nasri

JIBU: Pole sana Mama Nasri. Rangi subiri kwanza nakuomba, maana utaficha tu na mwakani utalia tena. Doa la njano lenye ukingo wa kahawia ni maji yanatoka juu, kwahiyo mvua ikinyesha mtu apande darini na tochi aangalie kwenye misumari ya bati na pale bati zinapokutana. Jipsamu ikilowa inalainika, inakuwa nzito, karatasi iliyobandikwa usoni pake inaachia, na ikishapinda haijinyooshi hata ukianika mwezi mzima, bodi hiyo ibadilishwe, ila baada ya kuziba panapovuja sio kabla!

Kama imeshuka na haina doa hapo ni unyevu wa hewa ya pwani, na mara nyingi fundi kaachanisha mno chaneli (vyuma vinavyoshikilia bodi) ili kubana matumizi, hili linaniudhi sana. Bodi ya milimita 9 chaneli zisiachane zaidi ya sentimita 40. Na ukiona vidoti vya kahawia vimejipanga mstari, hiyo ni kutu, hewa ya chumvi inakula skrubu za bei chee.

Bafuni ni fangasi, wanakula ile karatasi. Bodi za jipsamu za kijani zinahimili unyevu ila sio maji, kwahiyo bila dirisha au feni ya kutoa mvuke utarudi palepale. Ningekuwa mimi bafuni ningeweka dari ya plastiki (PVC).

SWALI: Mimi niko Dodoma, huku bati linawaka, jipsamu itapona? – Msomaji

JIBU: Ukavu wa huko unaifaa sana. Ila ndani ya jipsamu kuna maji yake ya asili, kama asilimia 21 ya uzito, ndo maana moto ukitokea inachelewesha. Ikikaa muda mrefu kwenye joto la zaidi ya nyuzi 52 hayo maji yanaanza kutoka na bodi inakuwa unga unga, so acha matundu ya hewa chini ya bati, na usiipige juu ya jiko la kuni.