Re: Msuli wa paja unaniachia kila nikirudi uwanjani

Pole sana mkuu. Umesema msuli wa nyuma ya paja umekuachia mara tatu ndani ya mwaka, na kila mara ulipumzika wiki mbili, maumivu yakaisha, ukarudi kucheza. Tatizo liko hapo. Maumivu huisha mapema kuliko msuli unavyopona. Nyuzi zilizochanika huzibwa na kovu, na kovu huchukua miezi kukomaa. Ukipumzika tu linabaki dhaifu, siku ukichomoka kwa kasi linaachia palepale.

Jipime. Lala chali, kisigino kimoja juu ya kiti, inua kiuno kwa mguu huo, hesabu umeinua mara ngapi. Badili mguu. Mimi mguu mzima ulifika 25, ule mbovu ukaanza kutetemeka kwenye 9. Na nilikuwa najiona nimepona!

Anza na zoezi hilohilo, siku moja ndiyo, moja hapana. Hesabu za miguu miwili zikikaribiana, piga magoti, mtu akushike vifundo vya miguu kwa nyuma, ushuke mbele polepole kadiri uwezavyo. Kesho yake utatembea kama mzee, ni kawaida. Mbio za kasi kamili ziwe za mwisho kabisa.

Na kama una kifundo cha mguu kinachoteguka mara kwa mara, simama kwa mguu huo mmoja ukipiga mswaki. Ukizoea, fumba macho.

Sindano ya kuua maumivu ili tu ucheze mechi, achana nayo. Na kama ulisikia mlio wa kukatika, au paja lilivilia damu, muone daktari kwanza kabla ya zoezi lolote.