Soma Maungamo Bila Kudaiwa na Tarehe

Kila mwaka mwezi wa Kumi ukikaribia mwisho, ile tarehe 31 ya kukumbuka Matengenezo ya Kanisa, lazima apatikane mtu wa kunisimamisha nje ya kanisa baada ya ibada. "Mama, na mimi nataka kusoma maungamo yetu, yale maandiko ya imani ya Kilutheri, kila siku. Nianzie wapi?" Wengi ni vijana waliopata kipaimara zamani na hawajaigusa tena Katekisimo, kile kitabu cha mafundisho ya msingi, tangu siku ile. Na karibu wote wameshapakua kwenye simu ratiba ya mwaka mzima: Januari mosi soma hiki, Januari pili soma kile. Wanaanza kwa moto kweli. Hapa kwetu Tabora Januari ni wakati wa palizi, mtu anatoka shamba mgongo umekufa. Mwezi wa Pili ukimuuliza kuhusu ratiba anaangalia chini.

Ushauri wangu ni mmoja na mengine yote yanatoka humo. Gawa usomaji wako sehemu mbili. Ya kwanza haibadiliki, unaisema kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Ya pili inasonga mbele ukurasa kwa ukurasa, na hiyo usiiwekee tarehe hata moja.

Sehemu isiyobadilika sikuibuni mimi. Luther mwenyewe, aliyeanzisha Matengenezo, katika utangulizi wa Katekisimo Kubwa, anasema kwamba ingawa ni daktari wa teolojia na mhubiri, kila asubuhi anafanya kama mtoto anayefundishwa: anasema neno kwa neno Amri Kumi, Imani ya Mitume, Sala ya Bwana, zaburi na mengineyo. Anakiri kwamba hajahitimu, na kwamba ameridhika kubaki mwanafunzi wa Katekisimo. Anayesema hayo ndiye aliyekiandika kitabu. Na kwenye Katekisimo Ndogo ameweka utaratibu wa asubuhi usiohitaji hata taa: ukiamka jifanyie ishara ya msalaba, piga magoti au simama, sema Imani na Baba Yetu, ongeza sala fupi ukipenda, kisha nenda kazini kwa furaha ukiimba. Basi. Mwenye kibanda sokoni anaweza, mwenye bodaboda anaweza, na mama anayewasha jiko huku mtoto analia naye anaweza. Mimi naongeza amri moja na maelezo yake. Kesho amri inayofuata. Nikimaliza kumi narudi mwanzo.

Jua la Tabora, kama mnavyojua mliokaa Dar, huchelewa kuchomoza. Saa kumi na mbili asubuhi bado kiza. Huo ndio muda wangu, kwa sababu kukishapambazuka warina asali ninaonunua kwao wanaanza kupiga simu na mchana wote si wangu tena. Wewe tafuta wako, ila uwe muda ambao tayari una shughuli nyingine isiyokosekana: kuchota maji, kunywa chai, kusubiri abiria. Muda mtupu uliotengwa kwa kusoma peke yake huliwa na mambo mengine haraka sana.

Sasa sehemu inayosonga. Hapa nazungumzia ule mkusanyo mkubwa unaoitwa Concordia, uliotolewa tarehe 25 Juni 1580, miaka 50 kamili tangu Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri, lisomwe mbele ya Kaisari Karl wa Tano. Ndani yake mna imani tatu za kale (ya Mitume, ya Nikea na ya Athanasio), Ungamo la Augsburg la 1530, Utetezi wa Ungamo hilo wa 1531, Makala za Schmalkalden na Waraka juu ya mamlaka ya Papa, vyote vya 1537, Katekisimo zote mbili za 1529, na mwisho Fomula ya Makubaliano ya 1577. Katekisimo Ndogo utaipata kwenye maduka ya vitabu ya kanisa bila shida. Kwa mengine, ukipata ya Kiswahili shukuru. Kama Kiingereza kinapanda, ipo tafsiri ya mwaka 1921 iliyowekwa sambamba na Kijerumani na Kilatini, na inasomeka bure kwenye intaneti. Aya zake zina namba, hivyo mkisoma matoleo tofauti bado mnaweza kuelekezana.

Usianze ukurasa wa kwanza. Kitabu kilipangwa kwa ajili ya kuthibitisha mafundisho mbele ya wakuu na wanateolojia, hakikupangwa kumfundisha msomaji wa Isevya au Kanyenye hapa Tabora. Ukifuata mpangilio wake, ukishamaliza Ungamo utaingia moja kwa moja kwenye Utetezi, na kifungu cha nne cha Utetezi, kile cha kuhesabiwa haki kwa imani, ni kirefu kuliko vyote. Ratiba nyingi zimezikwa pale. Ni kifungu kizuri, pengine moyo wa kitabu kizima, lakini Melanchthon, mwenzake Luther aliyeandika Utetezi, aliandika akijibu hoja za wapinzani moja baada ya nyingine, na usipozijua hoja zao utahisi umeingia kwenye ugomvi wa watu katikati.

Anza na Katekisimo Kubwa. Ndogo umeshaijua nusu, na Kubwa ni mazungumzo juu ya mambo yale yale, karibu kama mahubiri. Luther aliziandika zote mbili baada ya ziara za kukagua sharika za Saksonia na kuona hali ya kule vijijini: watu hawajui lolote la mafundisho, na wachungaji wengi hawana uwezo wa kufundisha. Kwa hiyo hapandi juu sana. Anaongea na mzazi, na mtumishi wa nyumbani, na fundi, na mfanyabiashara.

Hapo kwa mfanyabiashara niache nikae kidogo. Soma maelezo ya amri ya saba, usiibe. Wengi tunadhani hiyo ni ya vibaka. Luther anaanza na mtumishi anayezembea kazi ya bosi wake, anakwenda kwa fundi anayelipwa na asifanye kazi ya kueleweka, kisha anaingia sokoni: bidhaa mbovu, vipimo vya uongo, mizani iliyochezewa, bei ya kumbana mwenzako kwa kuwa unajua hana pa kwenda. Wezi wakubwa, anasema, ni wale wanaokaa kitini na kuitwa mabwana wenye heshima. Mimi ni mnunuzi wa asali. Nanunua kwa watu wa Sikonge na kwingineko, najua ndoo inavyoweza kuongezwa sukari iliyochemshwa, najua pia mnunuzi anavyoweza kumwambia mrina asali kwamba asali yake ina unyevu mwingi ili ashushe bei. Siku tuliyosoma sehemu hiyo kwenye jumuiya, alikuwepo mkulima wa tumbaku na alikuwepo mtu anayehusika na kupima na kupanga madaraja. Hakuna aliyeinua macho. Kisha yule mkulima akasema taratibu, "Huyu Luther alifika lini soko la tumbaku?" Tulicheka mpaka mwinjilisti akashindwa kuendelea. Tulikaa kwenye amri hiyo wiki kadhaa, na ratiba yenye tarehe isingetupa nafasi hiyo.

Jambo dogo linalowachanganya wengi: namba za amri. Sisi tunaifuata hesabu ambayo waheshimu baba yako na mama yako ni ya nne, usiibe ni ya saba. Waanglikana na makanisa mengine mengi huihesabu ya wazazi kuwa ya tano. Ukisoma na rafiki wa kanisa lingine, taja amri yenyewe na si namba, mtaokoa nusu saa ya mabishano.

Baada ya Katekisimo Kubwa, nenda Ungamo la Augsburg. Lina vifungu 28: 21 vya imani na 7 vya desturi zilizokuwa zimeharibika. Vingi vya mwanzo ni vifupi mno, cha kumi juu ya Meza ya Bwana unakimaliza kabla chai haijapoa. Kifungu kimoja kwa siku kinatosha, isipokuwa cha 20 juu ya imani na matendo mema, na cha 28 juu ya mamlaka ya maaskofu, ambavyo utavikata vipande. Kisome kwa sauti. Siku ile ya 25 Juni 1530 lilisomwa kwa Kijerumani mbele ya Kaisari, likachukua kama saa mbili, na waliolisikia walilisikia kwa masikio kabla ya kuliona kwa macho. Sentensi zake zinakubali sauti. Ukisoma kimoyomoyo unaruka. Mimi humwachia binti yangu asome, na akifika neno asilolielewa anasimama mwenyewe na kuuliza. Tukishindwa wote wawili, tunaliandika pembeni kwa ajili ya mchungaji.

Kisha Makala za Schmalkalden, na hapa nawaonya. Luther aliandika akiwa mgonjwa, akidhani huenda ni maneno yake ya mwisho, na hakupunguza ukali juu ya Papa na misa. Tabora ni mji wa jimbo kuu la Kikatoliki. Wengi wetu tuna shemeji, wifi, mama mkwe Mkatoliki. Usichukue kipande cha mwaka 1537 ukakitupa kwenye kundi la familia kama vile kimeandikwa jana. Soma ukijua pia kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, pale pale Augsburg, Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia saini Azimio la Pamoja juu ya Kuhesabiwa Haki, na wakasema kwamba shutuma za karne ya 16 juu ya jambo hilo haziyahusu mafundisho kama yalivyoelezwa humo. Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wa shirikisho hilo. Havipingani kusoma vyote viwili, ila ukisoma kimoja tu utamwonea mtu.

Fomula ya Makubaliano iache mwisho, na usiisome yote. Imeandikwa mara mbili: muhtasari, na maelezo marefu, vyote vikifuata vifungu 12 vile vile. Chukua muhtasari. Kifungu kinachokugusa ndicho ukakifuate kwenye maelezo marefu. Kile cha 11, juu ya uteule wa Mungu, usikisome peke yako usiku.

Sasa suala la siku zilizopotea, maana zitapotea. Umesafiri na treni kwenda Kigoma, umeuguza, kuna msiba. Ratiba yenye tarehe inakuonyesha kwamba uko nyuma, nawe unajaribu kulipa: leo nasoma za siku nne. Kesho tena hujasoma, sasa ni sita. Hilo linakuwa mkopo wa kausha damu, na mwisho wake mtu anazima simu. Ndiyo maana nasema sehemu inayosonga isiwe na tarehe. Weka alama pale ulipoishia, ukirudi anzia hapo. Siku za msiba utasema Imani na Baba Yetu, ambavyo viko kichwani hata kama kitabu kimebaki nyumbani, na siku hiyo umeshasoma. Hudaiwi.

Mume wangu amelelewa Kanisa la Moravian, watu wa Urambo, na nyumbani kwao wana kile kitabu cha neno la kila siku. Asili yake ni Herrnhut, Ujerumani. Zinzendorf, kiongozi wao wa kule, alianza kuwapa watu wake neno la siku mwaka 1728, na toleo la kwanza lililochapwa ni la 1731. Mistari ya Agano la Kale hupatikana kwa kura, na dunia nzima wanasoma ule ule siku ile ile. Walutheri wengi huko Ujerumani nao hukitumia. Kwake tarehe ina maana, maana anasoma pamoja na watu asiowaona. Kwa hiyo mezani kwetu neno lake ndilo lenye tarehe, maungamo yangu hayana, na havigombani. Kama hilo la Moravian linakufaa lichukue, hakuna atakayekutoa kwenye usharika.

Mwisho, makundi ya WhatsApp. Yanafaa kwa jambo moja: mtu mmoja anatuma kipande cha leo kabla jua halijatoka, na asiye na kitabu anasoma. Tatizo lake ni Amina. Kipande kinatumwa, na kabla ya dakika moja kwisha zimeshafika Amina kumi na mikono ya kuomba, wakati kipande chenyewe hakisomeki kwa dakika tatu. Kwenye kundi letu tumeweka sheria: ukijibu, jibu kwa swali au kwa neno lililokushika. Amina tupu hatuipokei. Mzee mmoja wa kanisa amegoma. Anasema yeye amesema Amina tangu ujana wake na ataendelea kuituma hata tukimwondoa. Tumemwacha, na yeye ndiye huwa wa kwanza kuuliza pale mtumaji anaposahau kutuma.