Njoo Mkwakwani siku ambayo Simba na Yanga hawapo

Wagosi, kila ligi ikikaribia kuanza nakutana na swali lile lile: mwaka huu Coastal Union tuna timu? Wanaouliza ni watu wa Ngamiani, Makorora na Chumbageni, na wengine wako Dar miaka mingi lakini roho imebaki Tanga. Huwa nawarudishia swali: wewe mechi yako ya kwanza kwenda uwanjani ni ipi? Karibu wote wananitajia ya Yanga au ya Simba. Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze leo, kwa sababu nimeifuata Coastal Union muda mrefu, na naona machungu yetu mengi ya msimu yanaanzia hapo.

Tukumbushane msimu wa 2015/16. Januari 2016 Yanga walikuja uwanjani kwetu Mkwakwani hawajafungwa kwenye ligi, wakaondoka na kipigo cha 2-0. Mji haukulala. Aprili tukaenda Dar es Salaam, tukawatoa Simba 2-1 kwenye robo fainali ya Kombe la FA, tena kwenye Uwanja wa Taifa. Ukimsimulia hayo mtu asiyejua, atadhani tulimaliza msimu tukipigania ubingwa. Tulishuka daraja. Na hatukushuka peke yetu: African Sports na Mgambo JKT nazo zikashuka msimu huo huo, timu tatu za Tanga kwa mpigo, mkoa mzima ukabaki bila timu Ligi Kuu. Coastal ilirudi msimu wa 2018/19. Kabla ya hapo, jioni za ligi barazani tulikuwa tunajadili timu za watu.

Tuliwafunga wakubwa, na haikutusaidia kitu. Pointi za kutubakiza zilikuwa zimedondoka kwenye mechi ambazo leo hakuna anayezikumbuka.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Ligi ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30, nusu yake nyumbani. Kwenye zile 15 za nyumbani toa Simba, Yanga na Azam, zinabaki 12. Mechi 12 ni pointi 36. Ukivuna nyingi kati ya hizo, hata wakubwa wakikufunga wote, mstari wa kushuka unauona kwa mbali. Ukizichezea, ndiyo mwanzo wa kukaa na kalamu mwezi wa tano, unahesabu nani akimfunga nani. Timu mbili za mkiani zinashuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 zinaingia kwenye mtoano wa kupigania kubaki, na sijaona kitu kinachomzeesha shabiki upesi kuliko mtoano. Kwa hiyo mechi inayoamua usingizi wetu ni ile ya katikati ya wiki, saa 10 jioni, dhidi ya timu ambayo haikuja hata na Costa moja ya mashabiki. Hiyo ndiyo mechi ambayo Mkwakwani unakuwa mtupu.

Kuna jioni moja ya namna hiyo sijaisahau. Nilikaa mzunguko, chini kabisa karibu na uzio. Upande wetu alikuwa anacheza beki wa kulia, kijana mdogo, ndiyo kwanza ameanza kupewa nafasi. Dakika za mwanzo akapanda mara mbili, krosi ya pili ikapaa juu ya kila mtu na kutoka nje. Jamaa mmoja nyuma yangu akaanza kumporomoshea matusi ya nguoni, mfululizo, na kwa uchache wa watu kila neno lilikuwa linafika. Nikaacha kuangalia mpira, nikawa namwangalia yule kijana. Kuanzia hapo kila akipokea anageuka, anarudisha kwa beki wa kati. Winga wetu anainua mkono, yuko peke yake, nafasi ipo. Yeye anarudisha nyuma. Benchi linampigia kelele apande, ni kama hasikii. Upande wetu wa kulia ukafa kipindi kizima, na hakuna mpinzani aliyeuua. Uliuawa na mwenzetu, mwenye jezi yetu.

Kipindi cha pili mzee mmoja wa baraghashia akainuka, akasogea hadi kwenye uzio, akawa anamwita kwa jina. "Panda mwanangu, panda, tupo hapa." Kila mpira ukimfikia, mzee anaita. Sisi tuliokuwa karibu tukaanza kuitikia na kupiga makofi, hata kwa pasi ya hatua mbili. Ikachukua muda, lakini akapanda. Bao letu hakufunga yeye wala hakutoa pasi ya mwisho, sitaki kutia chumvi. Lilitokana na kona, na kona ile ilipatikana kwa sababu yeye alikwenda hadi kibendera kulazimisha mpira.

Ndiyo maana nasisitiza mechi hizi. Siku ya Yanga wewe ni mmoja kati ya maelfu, na wengi wa hao maelfu wamevaa jezi ya mgeni. Jioni ya Jumatano mchezaji anakusikia wewe kama wewe. Akikosea, nyamaza, au mpigie makofi ajaribu tena. Kama ni lazima useme, subiri mechi iishe, kisha useme kwa uongozi na kwenye mkutano wa wanachama, siyo kwa mtoto wa watu aliye na mpira mguuni.

Na hapa niseme jambo litakalowaudhi baadhi yenu. Kuwa na timu Kariakoo siyo dhambi, nyumba nyingi za Tanga baba ni Simba na mama ni Yanga, na hapo hapo wote ni Coastal. Lakini umezaliwa Tanga, unakula Tanga, halafu siku timu ya Tanga inapokea mgeni kwake wewe umekaa upande wa mgeni na tarumbeta? Hilo sijawahi kulielewa. Chagua timu yako nyingine uipende siku zote zilizobaki, ila siku hiyo kaa na watu wa kwenu.

Kuna suala la fedha pia. Mapato ya mlangoni ni ya mwenyeji, baada ya makato. Fedha za televisheni zipo. Mkataba wa shirikisho la soka, TFF, na Azam Media uliosainiwa 2021 ni wa miaka 10 na thamani yake ni Sh bilioni 225.6. Lakini hizo zinagawanywa kwa timu zote, na timu ya mkoani ina safari za kwenda Mbeya, Mwanza, Kigoma, pamoja na hoteli, chakula na mafuta. Tiketi yako ya mechi ndogo inaingia humo.

Sasa matarajio, maana hapa ndipo moyo unapovunjika kuliko kwenye kufungwa kwenyewe. Mwaka 1988 tulikuwa mabingwa wa Tanzania Bara. Wazee wetu wana haki ya kujivunia, na mimi nikiwasikia wakisimulia nasisimka. Ila ukiupima kila msimu kwa 1988, kila msimu utaonekana umeharibika, hata ule mzuri. Msimu wa 2023/24, chini ya kocha David Ouma kutoka Kenya, tulimaliza nafasi ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kipa wetu Ley Matampi alimaliza mechi 15 za ligi bila kuruhusu bao, akachukua tuzo ya kipa bora. Timu ilijengwa kwa kuzuia. Kuna watu niliokaa nao jukwaani waliondoka wananung'unika kwamba tunacheza mpira wa kuchosha, timu haifungi. Timu ya nne Tanzania nzima! Kabla msimu haujaanza, kaa uangalie kikosi kilichopo, nani ameondoka, nani ameingia, benchi la ufundi linapenda mpira gani, halafu ndiyo uamue unategemea nini. Kikosi kikiwa cha kuzuia, basi furahia 1-0. Sare ya ugenini ipokee kwa mikono miwili.

Afrika nako tulikwenda tukakutana na Bravos do Maquis ya Angola kwenye hatua ya awali. Kwao walitufunga 3-0, marudiano yakawa 0-0, safari ikaishia hapo. Iliuma sana. Hata hivyo timu nyingi za mikoani zinaiota nafasi ile bila kuifikia, na ninapenda tuikumbuke hivyo.

Jiandae pia na kuondokewa. Bakari Nondo Mwamnyeto alikuwa nahodha wetu, 2020 akaenda Yanga. Abdul Suleiman "Sopu" alifunga mabao matatu peke yake dhidi ya Yanga kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, lile lile la FA, pale Arusha, Julai 2022, mechi ikaisha 3-3 na tukapoteza kwa penalti. Muda mfupi baadaye alikuwa mchezaji wa Azam. Juma Mgunda, aliyeichezea Coastal kabla ya kuwa kocha wake, naye Septemba ya mwaka huo huo akaenda Simba. Zamani kila dirisha la usajili lilikuwa linaninyima raha. Siku hizi mchezaji akianza kung'ara najua hatakaa, kwa hiyo sikosi mechi zake za nyumbani. Akiondoka simwiti msaliti. Kijana ana maisha yake na wazazi wake, na mpira una miaka michache. Swali langu linakwenda kwa klabu: mkataba wake ulikuwa umebaki muda gani, na tumelipwa inavyostahili? Hilo ndilo la kuulizia mkutanoni.

Sasa mkeka wa kubeti. Usiibetie timu yako, hata kwa shilingi mia tano. Nimekaa kibanda umiza na mashabiki wa kweli wa Coastal, watu ninaowaheshimu, tunapata 0-0 ugenini kwa timu ngumu, pointi moja ya dhahabu, na mtu anapiga meza kwa hasira kwa sababu alitaka mabao matatu kwenye mechi. Pointi yetu imekuwa hasara yake. Akishazoea hivyo hataki tena timu ishinde, anataka mkeka usichanike, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Tukifungwa, mimi nina utaratibu. Nazima data, natembea kwa miguu hadi nyumbani, sifungui kundi la WhatsApp mpaka kesho yake. Usiku wa kufungwa ndipo maneno ya mechi imeuzwa yanapozaliwa, na yakishatoka hayarudi, hata kama mtu hana ushahidi wowote. Hasira za jukwaani nazo zina gharama. Aprili 2016, nusu fainali ya Kombe la FA, Yanga walikuwa wanaongoza 2-1 hapa hapa Mkwakwani ndani ya zile dakika 30 za nyongeza, fujo zikatokea, mechi ikavunjika, na Yanga wakaenda fainali. Muda wa kusawazisha ulikuwepo. Hatutajua kamwe kama tungesawazisha, na hilo linanikera kuliko matokeo.

Uwanja wa nyumbani wenyewe si wa kuchukulia poa. Msimu wa 2024/25 Yanga na Simba tuliwapokea Arusha, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Nyumbani kwetu kukawa safari ya kutwa: Muheza, Segera, Korogwe, Same, Moshi, ndipo uingie Arusha. Walioweza walichangishana wakakodi gari, na nawapongeza. Wengi tulibaki kwenye runinga. Baada ya hapo, mtu akiniambia Mkwakwani ni mbali naye anakaa Mikanjuni, simwelewi.

Kwa hiyo ratiba ikitoka, usianze kutafuta tarehe ya Simba. Tafuta mechi za nyumbani ambazo kwa timu pinzani huwezi kumtaja hata mchezaji mmoja, chagua mbili au tatu, uziandike mahali unapopaona. Mwombe bosi ruhusa wiki moja kabla, siyo asubuhi ya mechi. Kama una duka, tafuta wa kukushikia kuanzia saa 9. Beba mtoto mmoja, wako au wa jirani, mkate tiketi, mkae chini karibu na uzio, na umfundishe majina ya wachezaji wetu kabla mpira haujaanza ili apate wa kumwita. Na wewe uliye Dar au Mombasa usiyeweza kufika, lipia kadi yako ya uanachama, kisha mtumie ndugu yako wa Tanga hela ya tiketi ya Jumatano.